Mabawa yana deni: siku za kusubiri nazo zihesabiwe

Vijana wanaomaliza kidato cha nne hapa Lamu wakinijia kuuliza habari za jeshi, wengi wao shabaha yao ni ndege. Si ajabu, wamekua wakiziona zikitua Manda, ng'ambo ya mkondo. Swali lao la kwanza ni hili: mtu huchukua muda gani hadi awe rubani? Ningependa waulize na la pili: akishakuwa rubani, atakuwa huru lini?

Tuitazame Marekani, ambako masharti haya yako hadharani. Rubani wa jeshi la anga la huko hudaiwa miaka 10 ya utumishi. Miaka hiyo haianzi siku aliyovaa sare. Huanza siku anapohitimu urubani na kuvishwa nembo ya mabawa. Mafunzo yenyewe ni kama mwaka mmoja, kisha kuna kozi ya ndege atakayopangiwa. Lakini kabla ya kupanda ndege ya kwanza kuna foleni, na foleni hiyo ndiyo inayonikera. Walimu hawatoshi, na ndege za kujifunzia zimechakaa. T-38, inayowaandaa marubani wa ndege za kivita, ilianza kazi mwaka 1961. Aliyepata kamisheni, yaani cheo cha ofisa, akiwa na miaka 22, akasubiri mwaka mmoja na kufunzwa mwaka mmoja, deni lake litaisha akiwa na miaka 34. Akisubiri miaka miwili, ni 35. Hakuisababisha foleni yeye, lakini umri unaokwenda ni wake.

Sipingi miaka 10. Utafiti wa mwaka 2019 wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ulikadiria kwamba kumfikisha rubani wa C-17, ndege ya mizigo, kwenye sifa za msingi hugharimu dola milioni 1.1, na wa F-22, ndege ya kivita, dola milioni 10.9. Nchi iliyotoa fedha hizo ina haki ya kufanyiwa kazi, hasa pale mashirika ya ndege za abiria yanapomsubiri rubani huyo kwa mshahara mnono. Lakini haki ya kudai haiambatani na haki ya kumwacha kijana akae bure halafu siku hizo zifutwe kana kwamba hakuwa jeshini. Kwa mabaharia wetu, kijana anayeanza jahazini kwa kuteka maji ngamani yuko kazini tangu siku hiyo, hata kama usukani ataushika baadaye sana.

Kubaya zaidi ni pale hesabu yenyewe isipojulikana. Mwaka 2023 mamia ya marubani wa jeshi la nchi kavu la Marekani, wengi wao wa helikopta, walielezwa kwamba bado wanadaiwa miaka 3. Walikuwa wameikubali miaka hiyo walipokuwa makadeti ili wapangiwe kikosi wanachokitaka, wakaamini inakwenda sambamba na deni la urubani. Jeshi likasema la, inafuata baada yake, huku likikiri kwamba kumbukumbu zake lenyewe zilikuwa na makosa. Wapo waliokuwa wameshapanga maisha ya uraiani. Huko Uingereza nako, mwaka 2019, mkaguzi wa hesabu za serikali alieleza jinsi marubani wanafunzi walivyokuwa wakikaa muda mrefu kati ya kozi moja na nyingine.

Kwetu Kenya, kadeti hupitia chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru, kabla ya mambo ya ndege. Mzazi wa Lamu anayempeleka mwanawe huko anastahili karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili, aisome nyumbani bila haraka kabla ya sahihi kutiwa. Ieleze deni ni la miaka mingapi, linaanza siku gani, na kozi ikichelewa kwa sababu zisizo za mwanafunzi ni nani anayebeba ucheleweshaji huo. Ieleze pia litakalompata atakayeshindwa mafunzo katikati: je, atabaki jeshini kwa kazi nyingine, na kwa miaka mingapi? Kwangu mimi, kila mwezi wa kusubiri unaozidi miezi sita upunguzwe kwenye deni. Jeshi likilipia ucheleweshaji wake, litakuwa na sababu ya kutafuta walimu na kutengeneza ndege mapema.