Kompyuta ya wote, bakapu ya nani?

Kwenye ukuta wa ofisi moja ya ushirika wa kuweka na kukopa hapa Wete, Pemba, juu kidogo ya swichi ya feni, imebandikwa karatasi iliyopigwa mistari kwa rula. Kila mwezi una safu yake, kila safu ina visanduku 31, na kila kisanduku hutiwa tiki jioni, mtu akishachomeka diski ya nje na kunakili mafaili ya siku hiyo. Niliitwa kwenda kuitazama kompyuta yao iliyogoma kuwaka, na kabla sijashika bisibisi niliisoma karatasi hiyo. Januari imejaa tiki. Machi imejaa. Februari nayo imejaa, mpaka tarehe 31. Zote kwa wino wa kijani, mkono mmoja, mlalo mmoja.

Sikusema kitu. Diski ilipotolewa kwenye mtoto wa meza na kuchomekwa kwenye laptopu yangu, faili jipya kuliko yote lilikuwa la Novemba.

Bahati yao, kilichokufa ni pawasaplai tu, kile kisanduku cha kuigawia kompyuta umeme. Umeme ulikatika mchana, ukarudi kwa nguvu, ikaungua. Diski ya ndani ilikuwa nzima na hesabu zote zimo. Lakini wameshituka, na sasa wanataka kununua mfumo wa bakapu, yaani wa kuweka nakala za akiba za mafaili. Kamati imegawanyika pande mbili: vijana wanasema kila kitu kiende kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni zilizo mbali kupitia intaneti, wazee wanasema inunuliwe diski mpya, kubwa, ifungiwe kabatini. Mimi nimeombwa niseme nani ana haki. Nimewasikiliza wote, na naona wanabishana juu ya chombo kabla hawajakubaliana nahodha. Kompyuta ile inatumiwa na watu watano. Ikiwa haijulikani bakapu ni kazi ya nani na inakaa kwa jina la nani, diski na wingu vitakufa kifo kimoja.

Nianze na wingu, maana hoja zake ni nzito. Ofisi ile iko chini, na masika maji huingia mpaka chini ya mlango. Diski inayolala kwenye meza ileile ya kompyuta italowana pamoja na kompyuta, itaibiwa pamoja nayo, itaungua pamoja nayo. Nakala iliyo mbali haimo kwenye balaa hilo. Tena wingu halisubiri mtu akumbuke: faili likishahifadhiwa na intaneti ipo, baada ya muda mfupi lishapanda lenyewe. Na kwa kuanzia ni bure. Google inatoa gigabaiti 15, OneDrive ya Microsoft gigabaiti 5.

Hayo yote ni kweli, na ushirika ule ulikuwa nayo. Katibu wao wa zamani aliiunganisha folda ya ofisi na akaunti yake mwenyewe ya Google, kwa nia njema kabisa, kwa kuwa ofisi haikuwa na yake. Zile gigabaiti 15 si za mafaili peke yake. Barua pepe na picha zimo humo humo, na kwenye simu za Android hata bakapu ya WhatsApp inakula hapo hapo. Zikapita harusi mbili za ukoo, video zikajaa, mafaili ya ushirika yakaacha kupanda. Ujumbe wa kuwa nafasi imekwisha ulikuwa ukimjia kwenye simu, naye akiufuta kama tunavyofuta sote matangazo ya bahati nasibu. Kisha akapata kazi Maskati, akaondoka.

Siku ile tukijaribu kuifungua akaunti, Google ilitaka uthibitisho kutoka kwenye simu ya mwenyewe. Ikabidi apigiwe. Mwenyekiti, mzee wa watu, aliishika simu kwa mikono miwili na kuiweka karibu na mdomo: "Mwanangu, hujambo? Imekuja namba hapo? Nisomee polepole, huyu fundi anaandika." Namba ya mwanzo ilipitwa na wakati wakiulizana hali za nyumbani. Ya pili ikakubali. Ndani tukakuta daftari la mikopo limesimama mwezi wa tisa.

Kwa hiyo bakapu mbili walikuwa nazo. Moja ilikoma Septemba, nyengine Novemba, na zote mbili ziliaminiwa mpaka Aprili.

Liko jambo jengine ambalo vijana wa kamati hawakulipigia hesabu, nalo ni mwendo wa kupandisha. Mafaili yote ya ushirika ni kama gigabaiti 60, karibu yote ni fomu za wanachama na vitambulisho vilivyoskaniwa. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 4 kwa sekunde (megabiti nane ndizo megabaiti moja), gigabaiti 60 zinataka saa 33 bila kusita hata dakika moja, na bando linaliwa muda wote huo. Siku ya kurudisha nayo ina saa zake, wakati wanachama wamepanga foleni nje. Sasa chukua daftari lenyewe la hesabu: akiba, mikopo, marejesho. Halifiki megabaiti 300, na kwa intaneti ileile linapanda kwa dakika 10. Gigabaiti 60 zikienda kwenye diski ya nje ya kawaida, kwa megabaiti 100 kwa sekunde, nazo ni dakika 10. Ukiziweka hesabu hizi mbili ubavu kwa ubavu, nusu ya ugomvi wa kamati unaisha. Mzigo mkubwa usiobadilika uende kwenye diski, mzigo mdogo unaobadilika kila siku uende kwenye wingu.

Wazee wao hoja yao kubwa ilikuwa kwamba intaneti haina dhamana. Hawakukosea. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania nzima ikawa inatambaa. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku kama hizo hupandishi kitu wala hushushi. Vijana wakajibu, na jibu lao si baya, kwamba siku hizo data haikupotea, ilichelewa tu, na kompyuta yako ikiwa nzima hutakuwa na haja nayo. Ni kweli. Tatizo linakuja misiba miwili ikikutana siku moja, na kisiwani hukutana mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Ndugu zetu wa Unguja walikaa gizani kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 baada ya umeme wa kutoka bara kukatika. Katika hali ile diski mfukoni inakwenda kwa jirani mwenye jenereta, na hesabu zinafunguliwa.

Lakini nisiwape wazee ushindi mapema, maana diski ina mtego wake, na mtego huo ndio uliozaa zile tiki za kijani. Diski ama inaachwa imechomekwa muda wote, ama inachomolewa kila siku. Ukiiacha imechomekwa, kompyuta inajinakilia yenyewe na hapana wa kusahau; Windows ina File History, inayohifadhi mabadiliko kila baada ya saa moja. Ila umeme ukirudi kwa nguvu unaweza kuipiga na diski. Kirusi kikiingia kwenye kompyuta kinaikuta na diski iko mlango wazi. WannaCry, kilichotapakaa kwenye nchi zaidi ya 150 kuanzia tarehe 12 Mei 2017 (tarehe ileile ya zile nyaya, miaka saba kabla), kilikuwa kikifunga mafaili ya kompyuta na ya diski yoyote iliyounganishwa nayo, kisha kinadai fidia. Ukiichomoa, basi imesalimika na umeme, imesalimika na kirusi, ila sasa inamtegemea mtu. Na mtu saa tisa na nusu mchana, begi lishafungwa, gari ya Konde inapiga honi, ataitia tiki karatasi.

Simlaumu aliyezitia. Aliyepanga kazi ile alimpa kila siku jambo lisiloonekana faida yake, halafu akamwekea ushahidi unaoandikika kwa kalamu bila kuigusa diski. Mimi mwenyewe ningefika Februari 31.

Na hiyo File History ina kona yake kwa kompyuta ya watu wengi, kona inayowapita hata mafundi. Inafanya kazi kwa kila mtumiaji peke yake. Kwenye ofisi ile kuna akaunti mbili za kuingilia: moja inaitwa "Ofisi", ya kila mtu, na moja ni ya Bi Mhasibu, yenye neno la siri, kwa sababu ya mikopo. Ukiiwasha kwenye "Ofisi" ukaridhika ukenda zako, barua za mikutano zitahifadhiwa kila saa na daftari la mikopo halitahifadhiwa hata mara moja. OneDrive nayo ni hivyo hivyo, inamjua aliyeingia. Kwenye kompyuta ya mtu mmoja hili hulioni kabisa. Kwenye kompyuta ya wote, ndilo la kwanza kukagua.

Watu pia huchanganya kuoanisha na kuhifadhi. Folda iliyooanishwa na wingu ni kioo: ukifuta faili ofisini, na kule linafutika. Google huliweka kwenye pipa la taka siku 30, kisha linakwenda moja kwa moja. Mwanafunzi wa mafunzo kazini akifuta folda ya mwaka juzi mwezi wa pili, nanyi mkaja kuitafuta mwezi wa nne siku ya ukaguzi, kioo hakitakuonesheni kitu. Diski iliyonakiliwa na kuchomolewa mwezi wa kwanza itakuwa nayo.

Wenye fani wana kanuni ya 3-2-1, iliyovumishwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae pengine. Ni kanuni nzuri, na hiyo "pengine" ndiyo inayopuuzwa hata na wakubwa. Machi 2021 jengo la kuhifadhia data la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, liliungua, na wako wateja waliogundua siku hiyo kuwa bakapu zao zilikuwa palepale penye data yenyewe. Kabati la chuma la wazee wetu, hatua tatu kutoka kwenye kompyuta, ni Strasbourg ndogo.

Basi nimewaambia hivi. Wafungue akaunti ya wingu kwa jina la ushirika, imeili ya ushirika, na laini ya simu ya ushirika inayokaa ofisini. Maneno ya siri na namba za dharura za akaunti waziandike kwenye karatasi ndani ya bahasha, na bahasha iwekwe na mweka hazina, mbali na kompyuta. Daftari la hesabu pekee ndilo lipande, kila siku, lenyewe. Hilo linaingia kwenye nafasi ya bure na kubaki, kwa hiyo swali la kulipa kila mwezi, na kwa kadi ya benki ya nani, halizuki.

Diski wanunue mbili za kawaida badala ya ile moja kubwa waliyoitaka. Moja iko ofisini, moja iko nyumbani kwa mwenyekiti, na kila Alhamisi zinabadilishana nafasi. Hapa kamati ilinibana: humo mna vitambulisho vya watu na madeni yao, je, ikidondoka njiani? Swali la haki. Diski zote mbili zimefungwa kwa neno la siri, nalo limo kwenye bahasha ileile. Hili lina gharama yake, maana bahasha ikipotea, diski zinabaki chuma tu. Kati ya hatari hizo mbili nimechagua ya bahasha. Deni la mtu kusomwa sokoni Wete halirudi nyuma. Mjumbe mmoja hakukubaliana nami, na sina uhakika kama amekosea. Kuhusu hewa ya chumvi na unyevu, mfuko wa plastiki wenye kufunga na vile vipakiti vya kunyonya maji vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinasaidia, ila diski yoyote ya kuzunguka mwisho wake ni kufa, ndiyo maana ni mbili. Stabilaiza ya kutuliza umeme na yupiesi, ile betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, walishaahidi kununua kabla hata sijasema.

Jina la mtu limeandikwa: Bi Mhasibu, na siku asipokuwepo, katibu. Watano wote wakiwa wahusika, hapana mhusika.

Karatasi ya ukutani nimeibandua, nikapiga mistari mpya. Haina nafasi ya tiki. Anayebadilisha diski Alhamisi anafungua daftari la mikopo kutoka kwenye ile diski, si kutoka kwenye kompyuta, anasoma jumla ya marejesho ya wiki na kuiandika kwenye kisanduku kwa tarakimu. Mwenyekiti akiipokea diski nyumbani anailinganisha jumla hiyo na ripoti aliyonayo mkononi. Bi Mhasibu aliitazama karatasi kwa muda, akauliza mbona Februari ina visanduku vinne tu. Nikamwambia ndizo Alhamisi zake. Akacheka, akaenda kutafuta kalamu, akarudi na ya buluu.