Haikuwa lita 20, lilikuwa dumu la lita 5

Naona shemeji yangu wa Mwanjelwa, Mbeya, ameshaniwahi. Eti nimewapelekea masista wa shule ya binti yangu pombe lita 20. Wadau, zilikuwa lita 5, na ulikuwa mtogwa, yaani ulanzi (pombe ya mwanzi) ukiwa bado mtamu. Mkangafu, ule uliochacha, ningeumalizia nyumbani. Na huyo anayesema nililazwa polisi aache uongo. Niliketishwa kwenye benchi tu, ila benchi lenyewe lilitazamana na wazazi wote.

Shule siitaji. Ni ya wasichana, iko Mbeya, ile ambayo mtoto akikosa usaili, mama yake hapiti kwa majirani wiki nzima. Binti alipita. Ada nimeipata kwa kuuza mipaini yangu ya Mufindi kabla haijafika umri wa mbao, kwa hiyo msinicheke sana, nina machungu mengine.

Fomu ya kujiunga ilitaka godoro la futi mbili na nusu, shuka jozi 2, blanketi, ndoo 2 zenye mifuniko, rimu ya karatasi, fagio la chelewa, jembe lenye mpini, fomu ya afya yenye mhuri wa hospitali, na tranka lenye kufuli la funguo 2, mmoja unabaki kwa matroni. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: chakula na kinywaji cha aina yoyote ni marufuku. Nilimsomea binti mstari huo kwa sauti. Mara mbili.

Sasa ulanzi uliingiaje? Ni Januari, mvua zinanyesha, milanzi inatoa. Shemeji akapiga simu, sauti ya mgonjwa: "Shemeji, huku Mbeya nitakufa kwa hamu." Nikaenda kwa mgemaji Kalenga. Wao hukata kichwa cha mwanzi mchanga asubuhi na jioni, ulanzi unadondokea kwenye mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia. Nikachukua wa jioni, mtamu, mtoto mdogo anaweza kunywa.

Yeyote aliyekulia Iringa anajua ulanzi hauachi kuchacha eti kwa sababu umeuhamishia kwenye plastiki. Unaacha nafasi, kama robo ya dumu. Mdomo unauziba kwa gunzi la hindi, au unalegeza mfuniko upumue. Mimi, mzaliwa wa Kalenga, nilijaza hadi shingoni, nikatandika nailoni mdomoni, nikakaza mfuniko kwa koleo. Konda hataki dumu la ulanzi kwenye buti, likivuja mabegi ya watu yote yananuka kilabu. Kwa hiyo dumu likalala ndani ya tranka, limefungwa blanketi, maana sikutaka shuka mpya zilowe. Mnaona akili?

Stendi ya Igumbilo, Iringa, tuliondoka saa 12 asubuhi. Mafinga baridi, Makambako baridi, dumu limetulia. Basi likateremka bonde la Usangu. Kuanzia Igawa hadi Chimala buti la basi ni jiko la mkaa, na joto ndilo linaloamsha uchachu. Halafu basi likaanza kupanda Inyala kwenda Uyole. Ukipanda mlima, hewa ya nje inapungua kusukuma, ya ndani ya dumu inatanuka. Fizikia hii niliikumbuka nikiwa nimeshalowa.

Mpango ulikuwa shemeji alichukue kituo cha Nanenane, Mbeya. Hakutokea. Mwisho wa kuripoti ni saa 10 jioni, tukaingia bajaji, dumu nikalisahau.

Nilisahau kwa sababu kwenye foleni ya ukaguzi niligeuka mhadhiri. Mama mmoja wa Tukuyu aliuliza kama ada hii ina maana yoyote. Uwii! Nikageuza karatasi, nikatoa kalamu. "Mama, kidato cha nne divisheni one ni pointi 7 hadi 17, wanahesabu masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Kidato cha sita ni 3 hadi 9. Huko kote unataka chache. Akifika kuomba chuo wanageuza: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Hapo unataka nyingi! Udaktari unataka fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu." Wazazi wakasogea. Mzee mmoja akaomba nirudie apige picha. Nikapanda juu zaidi: "Chuo hakiulizi umesoma wapi, kinauliza alama. Hapa tunacholipia, ndugu zangu, ni nidhamu."

"Mwenye tranka la bluu!"

Twende taratibu hapa, ndipo panapouma.

Binti anafungua kufuli. Kifuniko cha tranka kinainuka chenyewe kidogo, kama kuna mtu ndani anataka kuchungulia. Matroni anatoa shuka, anaweka tiki. Anavuta blanketi, linakuwa zito. Analifungua. Dumu halina tena pembe. Limevimba, limekuwa duara kama mpira, likiwekwa mezani linayumba.

"Baba, hii nini?"

"Juisi."

Binti ananitazama. Hajawahi kunitazama vile.

Matroni anashika mfuniko. Nataka kusema usifungue, mdomo unatoka "Us... us..." kama namwita mtu wa mbali. Anazungusha robo tu. *Ksssss*, halafu *PAH!* Mfuniko unapita juu ya kichwa cha mzee aliyekuwa anapiga picha. Povu jeupe linasimama, linainama, linachagua pa kwenda: fomu ya afya, rimu ya karatasi, sweta langu, kitenge cha mama wa Tukuyu.

Kimya. Harufu ikatembea hadi meza ya mwisho. Sista mkuu akaja polepole, mikono nyuma. Akainama, akanusa, akaniangalia.

"Kamwene," akanisalimu Kihehe. "Mtogwa au mkangafu?"

"Mtogwa, Sista. Wa jana jioni."

Nilijibu bila kufikiri! Juisi yangu ikafia hapo.

Mengine ni mafupi: benchi, barua ya maelezo, rimu mpya, kufua shuka kwenye bomba la nje huku wazazi wakipita na kusema "pole, mwalimu". Binti kapokelewa. Yule mama nimemlipia kitenge.

Saa 1 usiku nikamkuta shemeji Mwanjelwa. Nikamsimulia yote, mkono moyoni. Akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Kwa hiyo chini ya dumu hakikubaki hata kidogo?"