Mwaka 1952 ni wa Tokyo, si wa Okinawa

Mhariri, makala yenu inasema Wamarekani, walioitawala Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, waliacha kuitawala mwaka 1952. Kwa Tokyo, sawa. Okinawa je, vile visiwa vya kusini mwa Japani? Kule waliendelea hadi tarehe 15 Mei 1972, na hilo mwandishi kalipita kama hakuliona.

Mtu wa Okinawa wa miaka ya 60 alinunua samaki sokoni kwa dola, aliendesha gari upande wa kulia, na akitaka kwenda Tokyo sharti awe na hati ya kusafiria. Mwaka 1958 vijana wa sekondari ya Shuri, ya huko Okinawa, walikwenda Japani bara kucheza besiboli kwenye uwanja wa Koshien. Wakafungwa mechi ya kwanza, wakachota udongo wa uwanjani uwe kumbukumbu. Waliporudi Okinawa, kufika bandari ya Naha, maofisa wa karantini wakaumwaga wote. Eti udongo wa nchi ya kigeni!

Na zile chokoleti ambazo makala inasema Wamarekani waliwagawia watoto? Sikatai, waligawa. Lakini pia mashamba ya watu yalichukuliwa kwa tingatinga na bunduki ili kujenga kambi, na askari akiua raia alihukumiwa na mahakama ya jeshi lake mwenyewe. Desemba 1970 watu wa mji wa Koza, Okinawa, uvumilivu ukawaisha, usiku mmoja wakateketeza magari ya Wamarekani zaidi ya 70. Hilo nalo halimo kwenye makala.

Magari ya Okinawa yalirudi kuendeshwa upande wa kushoto, kama Japani bara, Julai 1978. Kambi ya Kadena, ya ndege za kijeshi za Marekani, iko pale pale mpaka leo, ndege zikinguruma juu ya mapaa ya watu.

Mhariri, rekebisheni basi huo mwaka.