Picha ya Prado

Jamani, nani aliyeamua kwamba mtu akishapata kazi lazima awe na sura mbili? Hii niliyopewa na Mola inanitosha. Asubuhi naiosha, saa sita jasho la Mwembe Tayari laiosha tena. Sasa naambiwa nina nyingine huko mtandaoni, nayo ni chafu, na wenye kazi wameiona.

Ilianza kwenye intavyu. Mimi ni karani wa klearing. Kontena likishushwa Kilindini, miye ndiye wa kukimbia na makaratasi, ofisi hii hadi ile, mzigo wa watu utoke kabla haujaanza kutozwa pesa za kulala bandarini. Nikasikia kuna kampuni inatafuta mtu, mshahara wa kueleweka. Nikavaa shati la Idi, nikaenda. Maswali nikayajibu vizuri tu. Halafu mama mmoja aliyekaa katikati akanigeuzia kompyuta yake polepole, kama daktari anayekuonyesha eksirei mbaya.

"Huyu ni wewe?"

Ni mimi. Mwaka 2014, kidato cha pili, ufukwe wa Pirates, Jumapili. Nimeegemea Prado nyeusi ya watu, miwani ya jua ya kuazima, kibandiko cha bei hakijabanduliwa, mdomo nimeubinua kama chuchunge. Chini nimeandika: "Mtoto wa Likoni, pesa si tatizo."

Na siku ile, wallahi, tatizo lilikuwa moja tu, nalo ni pesa! Feri tulivuka kwa miguu kwa kuwa mwenda kwa miguu halipi. Nauli ya kurudi tukaila viazi karai, tukatembea na jua lote lile mpaka daraja la Nyali. Mwenye Prado alitufukuza na kandambili mkononi baada ya picha ya pili. Hiyo ya pili ndiyo hii.

"Ni binamu yangu," nikasema.

"Mmefanana," akasema yule mama, akaandika kitu. Mpaka leo sijapigiwa simu.

Basi nikaapa, picha hii naifuta leo. Nafungua ule mtandao wa zamani, ule waliobaki wazazi wetu na wauza viwanja, nywila nishaisahau. Naambiwa nisijali, tumekutumia tarakimu sita kwenye namba yako. Namba ipi? Laini ile ilikwenda na simu yangu mwaka 2017, kwenye msongamano wa kushuka feri. Na laini ikikaa kimya muda mrefu hupewa mtu mwingine. Nikapiga. Ikapokelewa na mzee, Kiswahili chake cha bara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani?"

"Mzee wangu, kuna ujumbe umekuingilia sasa hivi, una tarakimu sita. Tafadhali nisomee."

Kimya. Nikasikia kuku wakilia nyuma yake.

"Kijana," akasema, "mko wangapi hapo jela?"

Nikaanza kumweleza: picha, ufukwe, Prado si yangu, nataka kazi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuwa tapeli. Akaniambia aliwahi kumsomea mwenzangu tarakimu kama hizo, pesa za ng'ombe zikaenda. Nikamwambia yule hakuwa mwenzangu. Akasema hata huyo alisema hivyo hivyo. Akakata. Na mzee ana haki, maana hata mama yangu nimemkataza kumsomea mtu tarakimu yoyote, hata akiwa sheikh.

Nina rafiki anasomea sheria, hula kwangu mara tatu kwa wiki, nikaona leo alipe. Akanambia Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, ya mwaka 2019, na inanipa haki ya kutaka data za uongo au za kupotosha zinazonihusu zifutwe. Nikaruka! Picha ile ni ya uongo kuanzia miwani hadi matairi. Akatafuna, akameza, akauliza: "Na huo uongo ameuweka nani?"

Nikamnyang'anya sahani.

Ushauri wa pili ukatoka kwa dada wa ofisini: picha isipofutika, ifukie. Jaza mambo mazuri juu yake, mwenye kutafuta jina lako akute hayo kwanza. Jiunge LinkedIn, akasema, ule mtandao wa mambo ya kazi, ndiko waliko watu wa maana. Mtandao wenyewe umeanza mwaka 2003, miye nikiwa Mtongwe nakula mchanga, kwa hiyo nimechelewa kidogo.

Kwanza picha. Studio wana koti moja la suti kwa wateja wote, limeshavaliwa na nusu ya vijana wa kisiwa hiki, ukilivaa waisikia historia ya makwapa ya Mombasa. Juu koti na tai, chini kikoi na ndara, feni imekatika. Mpiga picha akanipaka weupe kwenye kompyuta mpaka nikatoka kama nimekaushwa kwa unga wa ngano.

Halafu cheo. Huko hakuna mtu mwenye kazi ya kawaida, bwana. Jirani yangu anauza kava za simu Makupa, ni Mkurugenzi Mtendaji. Mwingine hana kazi kabisa, huyo ni Mshauri wa Kimataifa. Miye nikaandika "Mtaalamu wa Mnyororo wa Ugavi". Mnyororo ninaoujua ni ule wa lango la yadi, na mlinzi wake hunifokea kila siku.

Kosa langu lilikuwa kutaka watu wengi haraka. Sina marafiki wa maana, nikawafungulia akaunti jamaa zangu. Ami, mabinamu, na mamdogo, anayeuza mahamri na mbaazi pale mtaani. Huyu nilimwandika "Mjasiriamali wa Sekta ya Chakula", akafurahi sana, akaninyima mahamri ya bure palepale, akasema sasa ni biashara.

Juzi nikatoa andiko langu la kwanza. Nililihangaikia siku mbili: changamoto za kuhudumia mizigo bandarini, aya nne, maneno mazito, hata miye sikuyaelewa yote. Saa nzima, kimya. Kisha simu ikalia. Maoni ya kwanza, mamdogo:

"Maashaallah mwanangu umependeza. Mbona mweupe hivyo, waumwa? Mamako asema uje uchukue mtungi wa gesi na ile chupi yako uliyoacha kwenye kamba."

Nikampigia mbio. "Mamdogo, futa!" Akasema hajui kufuta, anajua kuandika tu, mwana wa mwenzie ndiye humshikia simu na ameenda chuoni, arudi baada ya alasiri. Nami nikiwa juu ya bodaboda naelekea kwake kumpokonya simu, ikalia tena. Maoni ya pili. Ni yule mama wa intavyu, jina lake kamili, picha yake na miwani yake:

"Hongera. Na binamu yako wa Prado hajambo?"