Kozi wa Pangti na gharama ya kujitolea

Mvua za kwanza za vuli zikishuka Tsavo, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu, na juu yao wanafika kozi wadogo wa kijivu wenye mapaja ya rangi ya kutu. Mmoja hafiki hata robo kilo. Ametoka Siberia au kaskazini ya China, akapitia India, kisha akavuka Bahari ya Hindi siku kadhaa bila kutua, akisukumwa na kaskazi ileile iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Bara Hindi hadi Mombasa na Unguja. Huyu ndiye kozi wa Amur.

Kabla ya kuvuka bahari, hutua kando ya bwawa la Doyang, jimbo la Nagaland, kaskazini-mashariki ya India, ajaze mafuta mwilini. Oktoba 2012, wanaharakati waliofika huko walikuta nyavu za samaki zimetandazwa mitini, pale ndege wanapolala. Walionaswa walitiwa ndani ya vyandarua, wazima, wafike sokoni wakiwa bado na uhai. Wengine walinyonyolewa na kukaushwa kwa moshi. Wanaharakati walikadiria ndege 120,000 hadi 140,000 kwa msimu ule mmoja. Mwaka 2013 mauaji yale yalikoma.

Watu hupenda kuisimulia habari hii kama muujiza, na mimi hapo ndipo naanza kuwa na wasiwasi. Sheria haikufanya kazi hiyo peke yake, maana sheria ya wanyamapori ya India ni ya 1972 na ilikuwa imetimiza miaka 40 nyavu zikiwa mitini. Isitoshe, ardhi ya Nagaland kwa sehemu kubwa ni ya vijiji na koo, na katiba inalinda mila hiyo. Askari wa serikali huingia msituni kama mgeni. Kilichobadilisha mambo ni watu kama mwandishi wa habari Bano Haralu na wenzake, waliokwenda vijijini kuzungumza na wazee, walimu na makanisa. Baraza la kijiji cha Pangti likapiga marufuku na kuweka faini. Wenye ardhi wanayolala ndege wakaunda umoja wao, na waliokuwa wakitega wakaanza kukaa zamu kulinda.

Ukitaka hoja ya kutetea walinzi wa kujitolea, ndiyo hiyo. Anayejua njia zote za msitu ule ni yule aliyekuwa akitega. Na jambo lenyewe halingojei: ndege wa eneo kubwa la Asia wanakusanyika mahali pamoja kwa wiki chache tu. Anayesema kozi hawa ni wengi na hawatakwisha anasahau kwamba wingi huo ndio unaorahisisha kazi ya wavu.

Lakini nyavu zile zilitoka wapi? Bwawa la Doyang lilipojengwa kwa ajili ya umeme, lilifunika mashamba. Watu wakageukia uvuvi, na wavu wa samaki ukapandishwa mtini. Kwa baadhi ya kaya fedha ya ndege ilikuwa karo ya shule. Kumwambia mtu huyo "jitolee" ni kumtaka alipe mara mbili: aache kipato, kisha akeshe bure akilinda kile alichokiacha. Watalii huja, ndiyo, ila kwa wiki chache, na hulala kwa mwenye chumba cha ziada. Ndege watatu waliofungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa satelaiti mwaka 2013 walipewa majina ya watu na mahali pa huko: Naga, Wokha na Pangti. Ni heshima ya kweli, na nadhani ilisaidia sana. Ila jina halinunui daftari.

Malta wana kujitolea kwa aina nyingine. Huko watu hutoka nchi mbalimbali za Ulaya, hukaa vilimani na darubini majira ya uhamaji, na kuwaita polisi wasikiapo mlio wa bunduki usio halali. Kazi yao ina faida, sibishi. Lakini wawindaji nao huwaita wageni waliokuja kuwafundisha maisha, na kura ya maoni ya 2015 kuhusu uwindaji wa majira ya kuchipua ilipita upande wa wawindaji kwa pengo jembamba mno. Wa darubini anatumia likizo yake. Wa Pangti anaacha mavuno. Tunawaita wote wawili "wanaojitolea", na neno hilo linaficha nani anaumia.

Na sisi tusicheke wa mbali. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi ya Kenya, konokono wametiwa Furadan, dawa ya kuulia wadudu, wakawekwa majini kama chambo. Korongo huanguka, huokotwa na kuuzwa kama kitoweo. Hapo mlaji naye anameza sumu, kwa hiyo hoja ya mlinzi ina nguvu zaidi kuliko kule Doyang: anamlinda ndege na jirani yake pia. Hata hivyo swali la posho ni lilelile. Kijana anayeshinda kwenye majaruba akifukuza watega sumu amekosa kibarua cha siku hiyo, na bado hatujakubaliana ni nani wa kumlipa: wenye mpunga, kaunti, au hoteli zinazouza safari za kutazama ndege.