Iringa kwa Mfuko Mwembamba: Bana Kitanda, Lipa Kiingilio

Abiria wengi wa mabasi ya Mbeya na Songea wanaijua Iringa kwa vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, kona za Kitonga na baridi. Mji wenyewe uko juu kilimani, barabara kuu inapita chini, basi linaondoka zake. Wengine wameshajiaminisha kwamba Iringa ni ya wazungu wanaokwenda Hifadhi ya Ruaha kwa magari ya kukodi. Mimi naona ni mji wa mtu mwenye hela ya mawazo, na wa kushukuriwa ni wanafunzi.

Kuna Mkwawa, ambacho tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, kuna Chuo Kikuu cha Iringa cha KKKT, yaani Walutheri, na kuna RUCU cha Wakatoliki. Vijana wote hao wanakula, wanapanga vyumba na wanapanda daladala kwa kuhesabu. Bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa, mama ntilie wa jirani na chuo hana ubavu wa kupandisha bei ya wali maharage; akipandisha, sufuria litamdodea. Basi mgeni afuate walipo wenye vitini kwapani. Anakaa kwenye benchi la mbao, anapewa sahani iliyojaa, mboga ya majani pembeni na pilipili ya kuomba, na anayemuuliza njia anamjibu bila kumtajia bei kwanza.

Kwenye gesti nina sharti moja tu: maji ya moto. Chumba kiwe kidogo, choo kiwe cha nje, sawa. Lakini Juni na Julai za Iringa si za kuogea maji ya bomba alfajiri. Ulizia ndoo kabla hujatoa hela.

Kinachonikera ni watu kubana pasipostahili. Mtu anabishana na mhudumu wa makumbusho kuhusu kiingilio, kisha jioni anaagiza bia ya tatu. Kiingilio ndicho kilichokuleta! Anzia Boma, jengo la Wajerumani la mwaka 1900 lililo katikati ya mji. Liligeuzwa makumbusho 2016 kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, na unalifikia kwa miguu.

Kisha panda daladala uende makumbusho ya Kalenga. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iliyoangushwa na Wajerumani Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kuwachakaza kule Lugalo na kumuua kamanda wao, Zelewski. Mkwawa hakukamatwa. Aliendelea kuwasumbua hadi 1898, akajimaliza mwenyewe kuliko kutiwa mikononi mwao, nao wakaondoka na kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza fuvu lirudishwe; likarudi 1954, likapokelewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Haya yote ulikaririshwa darasani ili ufaulu mtihani. Ukisimama mbele ya fuvu lenyewe ndani ya kioo, hutakumbuka mtihani. Mwache mwongozaji aongee mpaka amalize, na umwachie chochote.

Isimila, eneo la Zama za Mawe, iko kama kilomita 20 kutoka mjini, upande wa barabara ya Mbeya. Unashuka njia panda na kumalizia kwa miguu. Nguzo za udongo zilizochongwa na mvua zinapigwa picha sana, ila mimi huganda kwenye mashoka ya mawe. Yalianza kujulikana kwa wataalamu mwaka 1951, yakachimbuliwa vizuri miaka ya 1957 na 1958. Beba maji na kofia.

(Ukija wakati wa mvua, onja ulanzi, pombe ya mianzi. Anza na mtogwa, ule mtamu ambao haujakaa. Uliokaa ni habari nyingine, hasa kama una basi la alfajiri.)

Ninalolalamikia ni kwamba mji umejaa vijana wanaosomea ualimu wa historia, na mgeni asiye na gari bado hana wa kumtembeza. Vyuo na halmashauri wangeweza kukaa wakapanga: wanafunzi wapewe vitambulisho, Jumamosi wakutane na wageni pale Boma, bei ijulikane, waende Kalenga kwa daladala na kurudi. Mwanafunzi apate hela ya kusogeza siku, nasi tulipie kiingilio bila kununa.