Ramu za Mjomba

Kwetu Mtwara mjomba hakosei. Baba unaweza ukambishia, mama ukamnunia, hata Bibi ukamwambia leo chumvi imezidi. Mjomba ni habari nyingine. Sisi Wamakonde ukoo tunauhesabu kwa mama, kwa hiyo kaka wa mama ndiye anayekuozesha, ndiye anayesimamia siku ukizikwa, na katikati ya mambo hayo mawili ndiye anayekutuma. Naliweka hili wazi mapema kwa faida ya watu wa kutoka mbali, maana kila nikiwasimulia habari hii wananiuliza: "Sasa kwa nini hukumwambia?"

Mjomba wangu analima korosho Tandahimba. Hela ya mnada ilipoingia, akaamua binti yake, ambaye anakaa na sisi hapa Chikongola, apate kompyuta ya kusomea na kuchapia kazi za watu. Laptopu hakuitaka. Alisema kitu cha kukunja hukunjika na hela yako. Anataka kompyuta yenye kichwa na kiwiliwili, ikae mezani, mgeni akiingia aione.

Mimi nina kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta, basi kazi ya kuiunganisha ikawa yangu. Kasha nilipata, pawasaplai nikapata, na mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ya Intel ya kizazi cha 4 niliipata kwa watu waliokuwa wanauza vifaa chakavu vya ofisi, prosesa yake, yaani ubongo, ikiwa juu, nzima. Ramu, vile vipande vya kumbukumbu vinavyochomekwa kwenye mazabodi, ndizo hazikuwepo. Hilo halikunishangaza, maana sijawahi kuona ofisi inayouza kompyuta pamoja na ramu zake; huwa zinapotea usiku wa kuamkia mauzo.

Mjomba alikuwa na safari ya Dar, kumjulia hali mkwewe. Nikamwandikia karatasi: DDR3, vipande viwili vya giga 4, vya kompyuta ya mezani, PC3-12800U. Ile U ya mwisho nikaizungushia duara jekundu, nikaipigia na mstari chini, kisha nikamweleza kwa mdomo kwamba herufi ile ndiyo kila kitu. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Njomba," akaniambia, "mimi nauza korosho tangu hujazaliwa. Leo unanifundisha kununua?"

Yaliyotokea Kariakoo nayajua kwa kinywa chake mwenyewe, na aliyasimulia kwa fahari. Aliingia dukani, akatoa karatasi. Muuzaji akaisoma, akamtazama mzee mwenye koti na kofia ya kito, akaiweka karatasi pembeni.

"Mzee wangu, giga 4 siku hizi wanachezea watoto. Kuna hizi hapa, giga 16. Chukua mbili, jumla 32. Bei nakufanyia ileile."

Mjomba akazipima mkononi, huku giga 4, huku giga 16. Ile ya giga 4 nyepesi, chipu zimepangwa upande mmoja tu. Ya giga 16 imejaa chipu mbele na nyuma, na katikati yake imekaa nyingine peke yake. Mtu aliyeshika korosho maisha yake yote haulizi mara mbili: nzito ndiyo yenye kitu ndani. Akaomba apunguziwe, akapunguziwa. Hapo ndipo mimi ningeshtuka. Bidhaa ya bei ya nusu ambayo muuzaji bado anaipunguza, huyo muuzaji anaifukuza. Lakini sikuwepo.

Alizipakata mwenyewe kwenye basi. Akavuka nazo Daraja la Mkapa, akapita nazo Nangurukuru na Lindi, na kila penye mtandao akapiga simu. Basi linaingia Mtwara, ukoo wote una habari ya giga 32. Shangazi wa Mikindani, ambaye mpaka leo simu yake ni ya vitufe, alinipigia kunipongeza. Nikamuuliza ananipongeza kwa lipi. Akasema, "Kwa hizo 32."

Jioni ile nyumba ilijaa. Bibi kakalishwa karibu na meza ili aone, mama anagawa chai na mihogo, binamu wamejaa dirishani, na jirani yetu fundi redio amekuja na kiti chake, ishara kwamba haondoki mapema. Mjomba akaitoa bahasha, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikaifungua. Nikasoma lebo.

PC3-12800R.

Niwaeleze kidogo hapa, maana hiyo herufi moja ndiyo iliyoninyima usingizi. Hiyo PC3 ni DDR3, yaani toleo la tatu la ramu. Hiyo 12800 ni megabaiti kwa sekunde: chukua kasi ya 1600, zidisha kwa 8. Mpaka hapo mjomba amepatia, hana lawama. Sasa U ni ramu ya kawaida, ambayo prosesa inazungumza na chipu zake yenyewe. R ni ya seva, zile kompyuta kubwa zinazohudumia kompyuta nyingine. Ile chipu ya katikati ni kama karani wa mlangoni: amri zote za prosesa anazipokea yeye, anazishika kidogo, ndipo anazigawa ndani. Kwenye seva anasaidia sana, kwa sababu ramu zinapangwa nyingi na prosesa peke yake ingeelemewa. Prosesa yetu ya nyumbani haijui kuongea na karani. Ikimkuta, inagoma kuwaka. Na hata karani angeondoka, prosesa za kizazi kile hazipokei zaidi ya giga 8 kwa kipande kimoja. Yaani zimekataliwa mara mbili kabla hazijaingia.

Kinachouma ni kwamba zinaingia. Laiti yule bwana angemuuzia DDR4! DDR4 ina pini 288 na kijipengo chake kimehamishwa. Ungeisukuma hadi kesho isiingie, na mjomba angejionea kwa macho yake. Laiti angemuuzia ya laptopu, yenye pini 204, fupi, mtoto wa chekechea angesema haitoshi. Lakini hizi za seva zina pini 240 kama za kawaida, urefu uleule, kijipengo palepale. Aliyepanga viwango hivi hakuwa na mjomba.

"Vipi?" mjomba akauliza. "Mbona unaitazama sana?"

Nikamtazama mama. Mama akanitazama kwa jicho lile.

"Ni nzuri sana, mjomba," nikasema. Na kweli ni nzuri. Ningekuwa na seva ningelia kwa furaha.

"Basi weka."

Nikaweka. Ka! Ka! Vishikio vya pande zote vikajifunga vyenyewe, vizuri kabisa, na watu wakapiga makofi. Mjomba akaegemea kiti. Nikabonyeza swichi huku nikisoma dua.

Feni ikazunguka. Taa ikawaka. Kisha kaspika ka ndani kakaanza: tiii... tiii... tiii... Skrini nyeusi.

Tukakaa kimya tukisikiliza. Aliyevunja ukimya ni mjomba mwenyewe.

"Inawaza," akasema.

Hakuna aliyepinga. "Mnafikiri giga 32 mchezo?" akaendelea. "Kompyuta ya giga 2 inakurupuka tu, haina la kufikiria. Hii ina mengi ya kupanga. Mpeni nafasi."

Tukaipa nafasi. Chai ikaisha, ikapikwa nyingine. Tiii... tiii... tiii... Bibi akainama kuelekea kwenye kasha, akasikiliza kwa makini, akasema kwa huruma, "Kinalia. Kimetolewa kwao kikaletwa mbali." Jirani fundi redio akasema umeme uko chini. Binamu mmoja akasema waya wa skrini. Mwingine akataka tuipige kidogo ubavuni, akanyamazishwa. Shangazi akapiga simu kutoka Mikindani kuuliza kama zimeshafika 32 zote.

Ndipo fundi redio akakumbuka jambo, na kwa haki yake ni jambo la kweli: ramu ikichafuka miguu, unaisugua kwa kifutio cha penseli inapona. Kwa hewa yetu hii ya chumvi nimeziponya nyingi kwa njia hiyo. Kikaletwa kifutio cha mtoto wa darasa la tatu, cha rangi ya waridi, kimeng'atwa upande mmoja. Nikasugua. Nikajua kabisa nasugua kitu kisafi, lakini nilisugua kwa bidii, maana nilipokuwa nasugua hakuna aliyekuwa ananiuliza swali. Nikarudisha. Ka! Ka! Makofi, safari hii machache. Tiii... tiii... tiii...

"Zima," mjomba akasema hatimaye. "Iache ilale. Imechoka na safari."

Watu wakatawanyika wakisema kweli, kutoka Dar ni mbali.

Asubuhi, kabla hajapanda gari la Tandahimba, mjomba aliniita pembeni, chini ya mwembe. Nikamwamkia, akaitikia, akatazama barabarani, akatazama juu kwenye maembe mabichi.

"Kile kifutio cha jana," akasema, "mimi sikukipenda."

"Hata mimi, mjomba."

"Nunua kingine. Kizuri." Akanitia hela mkononi. Nilipoichungulia, ilikuwa ya kutosha kununulia vifutio shule nzima pamoja na walimu wao. Kisha akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Na karatasi yako hii. Isije ikapotea, ina maandishi mazuri."

Nikaikunjua. Ile U ilikuwa bado ndani ya duara lake jekundu. Nilipoinua uso, mjomba alikuwa tayari anapunga mkono kusimamisha gari.

Nikaagiza mzigo Dar kwa kijana ninayemwamini, nikamsomea herufi kwa herufi. Nikisubiri, nikachomoa kipande cha giga 2 kwenye kompyuta mfu iliyokuwa kibandani, nikakiweka. Mlio mfupi mmoja, skrini ikawaka. Windows 10 ya biti 64 kiwango chake cha chini kabisa ni giga 2, basi ilikuwa inatembea, lakini kwa mwendo wa harusi. Binti yake kwa furaha akampigia baba yake. Nikamsikia anasema, "Ndiyo baba, imewaka! Lakini hapa imeandika 2." Nikashika kichwa.

Simu ikawekwa sauti ya nje.

"Mbili?" mjomba akasema. Kimya kidogo. "Si nilinunua mbili?"

Mzigo ukafika kwa basi, giga 4 mara mbili, U kila kimoja. Nikazipachika usiku, mtoto wa watu amelala. Asubuhi kompyuta inakwenda hadi raha, kurasa zinafunguka kabla hujamaliza kubonyeza, na penye 2 pameandikwa 8. Zile za seva nimezifunga kwenye karatasi ya fedha, ziko chini ya godoro langu hadi leo, ambako giga 32 zinanichoma mgongo.

Safari iliyofuata mjomba alipokuja, tulikuwa wengi tena, kulikuwa na kikao cha posa. Akasogea kwenye kompyuta, akaomba aonyeshwe pale panapoandikwa. Akasoma. Akatugeukia.

"Mlikuwepo siku ile inalia?"

Tukasema tulikuwepo.

"Ikaja ikaandika 2. Leo 8." Akavuta kiti, akakaa. "Hiki kitu unakiweka kikiwa kichanga. Kinakua. Subirini msimu wa korosho muone kama hakijafika 32." Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akauliza kama inataka kivuli. Mjomba akamjibu kwamba hayo ya utunzaji ni mambo ya mpwa wake, kisha akanitazama, uso mkavu, hata kope hazikucheza. Nikasema ndiyo, nisiwe na la kuongeza.

Nilidhani imeishia hapo. Majuzi nikapigiwa simu kwa namba ngeni, sauti ya mzee, kelele za mnada wa korosho nyuma yake. Nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye mpwa mwenye kompyuta? Sikia, njomba. Nimemnunulia kijana wangu ya kwake. Ilikuja na giga 4, na mpaka leo iko palepale kwenye 4. Haisogei. Mjomba wako anasema ya kwenu ilianza na 2. Namuuliza mliipa nini, anasema siri unayo wewe. Nipulizie salfa kama kwenye mikorosho?"

Nyuma yake nikasikia mtu anakohoa, kikohozi kirefu cha kubana kicheko, na kikohozi hicho nakifahamu tangu utotoni.

"Hapana, mzee wangu," nikamwambia. "Mwombe mjomba akupe hela ya kifutio."